Kama Si Malaria, Ni Nini?

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka kikaenea hadi zahanati za vijijini: tone la damu kidoleni, jibu ndani ya nusu saa. Mazoea ya kuita kila homa malaria yalianza kupungua. Hata hivyo, kipimo hicho hujibu swali moja tu. Kikisema "huna malaria", mgonjwa bado anatetemeka.

Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, ulionyesha ukubwa wa tatizo hili. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikiwa malaria. Maabara ilipochunguza kwa kina, waliougua malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na bakteria katika damu, chikungunya, au magonjwa yatokayo kwa wanyama kama brusela na leptospirosisi.

Mtu anaweza kusema kwamba Kilimanjaro ni nyanda za juu, mbu ni wachache. Ni kweli. Lakini watoto 1,005 waliochunguzwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 walitoa picha inayofanana: malaria ilikutwa kwa takriban mmoja kati ya kumi, na wengi wa watoto hao walikuwa na maambukizi ya virusi, ambayo hayatibiwi kwa antibiotiki.

Na hapo ndipo penye hatari. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliojumuisha wagonjwa zaidi ya nusu milioni wa Afrika na Afghanistan, ulionyesha kwamba waliokutwa hawana malaria ndio walioandikiwa antibiotiki kwa wingi zaidi. Simlaumu mganga wa zahanati. Mbele yake ana mama mwenye wasiwasi, mtoto mwenye homa, na hana chombo kingine cha kumwongoza. Ila tukiendelea hivyo, tutakuwa tumeacha kupoteza dawa za malaria ili tuzalishe usugu wa bakteria, na siku antibiotiki itakapohitajika kweli haitafanya kazi.

Wapo wanaosema maabara ni ghali, fedha zinunue dawa kwanza. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mgonjwa mahututi hawezi kusubiri siku kadhaa damu yake ioteshwe maabara ili kuona kama ina bakteria. Lakini hakuna anayedai kila zahanati iwe na maabara kubwa. Kinachohitajika ni hospitali za mikoa ziweze kuotesha damu, sampuli kutoka wilayani zifike kwa wakati, na matokeo yarudi kwa mganga aliyezituma. Takwimu za matokeo hayo zitamsaidia hata asiye na maabara kujua homa zipi zimetawala eneo lake.

Manufaa ya maabara yalionekana Julai 2022, ugonjwa usiofahamika ulipozuka Ruangwa mkoani Lindi. Watu 20 waliugua na watatu wakafariki. Uchunguzi wa maabara uliondoa hofu ya Ebola na Marburg, ukabaini leptospirosisi, ambayo sasa wengi huiita homa ya mgunda. Ni ugonjwa unaotibika kwa antibiotiki za kawaida, mradi utambuliwe mapema.

Bajeti ya afya isiyotenga fungu la kutosha kwa uchunguzi inanunua dawa kwa kubahatisha. Nawe msomaji, ukiambiwa huna malaria, usiombe antibiotiki. Muulize mganga: kama si malaria, ni nini?