Umilele Gani Huu?

Wako wanaotuambia kwamba saa ya mkono iitwayo "kalenda ya milele" haikosei tarehe. Ya kwanza ilitolewa na Patek Philippe wa Geneva mwaka 1925. Nyingi katika saa hizo zina gurudumu lizungukalo mara moja kwa miaka 4, lenye mapengo ya miezi 48. Kina cha pengo ndicho kinachoonyesha mwezi una siku ngapi. Ni ustadi, sikatai. Lakini Februari ya 2100 itakuwa na siku 28, na saa karibu zote za namna hiyo zitahesabu 29. Tena ukiivua siku chache, husimama. Umilele gani huu?

Mwaka 2020 Parmigiani Fleurier, wa Uswisi pia, walitunzwa kwa saa ya Hijria: duru ya miaka 30, ambayo 11 ni ya siku 355. Hiyo ni hesabu ya wastani. Mwezi wetu ni wa kuandama: 29 ukionekana, 30 usipoonekana. Je, mwenye saa hiyo atawalisha Idi watu wa nyumbani mwake kwa meno ya gurudumu, na jirani yake angali amefunga? Avae, haramu sisemi. Lakini jioni ya ishirini na tisa atoke nje nasi, atazame magharibi.