Bhagat Singh na Dhulma ya Bastola

Katika picha nyingi zinazobandikwa India, Bhagat Singh, mwanamapinduzi aliyepinga utawala wa Waingereza, huonyeshwa na bastola mkononi, na kwa rai yangu taswira hiyo yamdhulumu. Kwani, ijapokuwa alishiriki katika kuuawa kwa afisa wa polisi Saunders mjini Lahore mwaka 1928, kazi yake iliyo adhimu zaidi aliifanya gerezani, miongoni mwa vitabu.

Mwezi wa Aprili 1929, yeye na Batukeshwar Dutt walirusha mabomu katika Baraza la Kutunga Sheria mjini Delhi, upande usiokuwa na watu, wakatawanya karatasi zao, kisha wakasimama palepale wakingoja kukamatwa, maana walitaka mahakama iwe mimbari yao. Kifungoni waligoma kula, wakidai wafungwa wa siasa watendewe kwa insafu, wapewe chakula cha staha, vitabu na magazeti. Mwenzao Jatin Das akafariki baada ya siku 63 za mgomo huo.

Bhagat Singh alinyongwa tarehe 23 Machi 1931, umri wake miaka 23. Mwezi uliotangulia alikuwa amewaandikia vijana wa siasa kutoka gerezani akiwauliza mkulima atafaidi nini iwapo Lord Irwin, mtawala Mwingereza wa India, ataondoka na kiti chake kikakaliwa na Mhindi, suali ambalo wengi wanaomsifu hadharani hawajathubutu kulijibu.