Injini Ikifa Busi, Haiendi Gereji

Imerudi tena ile kauli ambayo haikosi kurudi viongozi wanapotaka kuonekana wakali: gereji bubu zifungwe, mafundi wa chini ya miti waondoke, na kazi nzito kama kubadilisha injini zifanywe kwenye karakana zilizosajiliwa pekee, zenye sakafu ya zege na mafundi wenye vyeti ukutani. Kwenye kikao cha mjini kauli hiyo hupigiwa makofi. Ipeleke Busi, wilayani Kondoa, inageuka amri ya kutelekeza magari. Ninaipinga, na sioni haja ya kuzunguka.

Wanaoitetea wana hoja zao. Oili chafu humwagwa ardhini. Jeki huteleza, na gari lililoinuliwa bila stendi huua mtu. Injini ya wizi hupata mwili mpya kwa usiku mmoja kwa sababu hakuna aliyeuliza risiti. Yote kweli. Lakini dawa ya oili chafu ni pipa, na dawa ya jeki ni stendi. Hakuna hata kimoja kinachodai jengo. La wizi nitalirudia.

Kuna jambo moja ambalo watoa amri hawaligusi kabisa: gari lenye injini iliyokufa halitembei. Gari lenye breki mbovu unaweza kulisogeza taratibu hadi kwa fundi. Lenye taa mbovu litasubiri mchana. Lenye injini iliyonoki linabaki pale lilipolala, na kila sheria utakayoandika kuhusu mahali pa kulitengenezea inaanza na swali la nani atalipeleka huko.

Busi iko nje ya lami. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018, inapita upande wa Kondoa mjini; anayetoka Busi anaifuata kwa njia ya vumbi, ambayo mvua zikikolea huwa ya tope. Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160 nyingine. Sasa chukua Noah ya zamani, zile zinazobeba abiria na magunia ya alizeti vijijini. Rejeta ilivuja, dereva akaendelea kukaza mwendo, injini ikachemka hadi ikanoki. Mwenye gari ana njia mbili. Akodi lori la kuliburuta hadi karakana inayokubalika, alipie foleni ya huko, na alipie nauli zake mwenyewe za kwenda kufuatilia. Au aagize injini ya mtumba, ije imefungwa kwenye Fuso pamoja na mizigo ya wenye maduka, ishushwe mbele ya nyumba yake, fundi aitwe. Injini hiyo ina uzito wa kilo mia na kitu. Gari ni tani moja na nusu. Kipi kisafiri kumfuata mwenzake, hata asiyejua kuhesabu analiona.

Na huko chini ya mti kinachofanyika si uchawi. Kwenye Noah hiyo injini imekaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo haivutwi juu, inashushwa. Viti vinatolewa, maji na oili vinakingwa, mabomba ya rejeta na waya vinachomolewa, na fundi makini huvitia alama ya utepe kimoja kimoja. Propela inafunguliwa, ekzosi inaachanishwa, kisha maunti. Injini na gia boksi vinashuka pamoja juu ya tairi kuukuu, mwili wa gari unanyanyuliwa kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye tawi nene au mihimili ya chuma, na mzigo unavutwa kutoka chini yake. Vifaa ni spana za ringi, soketi, jeki mbili na kipande cha bomba cha kuongezea nguvu kwenye bolti iliyoshika kutu.

Hatari ya kweli ipo, ila haipo wanakoitafuta wakaguzi. Ipo wakati wa kuunganisha injini mpya na gia boksi ya otomatiki. Konveta, lile dude la mviringo katikati ya viwili hivyo, lazima iingie kwenye gia boksi hadi mwisho kabla bolti haijakazwa. Ikibaki imening'inia kidogo na fundi akalazimisha kwa spana, pampu ya gia boksi inavunjika, na mwenye gari anajikuta amenunua injini na bado anatafuta gia boksi. Kinachozuia hasara hiyo ni fundi kuizungusha konveta kwa mkono mpaka aisikie imekaa, kisha kupima nafasi iliyobaki. Zege halimfundishi mtu hilo. Tena wanaosema kazi hii ni ya karakana tu wanachanganya kufumua injini na kubadilisha injini. Anayefumua hushughulika na pistoni, ringi na bolti za silinda hedi zinazokazwa kwa kipimo maalumu, na huyo kweli anahitaji spana ya kipimo na mahali pasipo na vumbi. Anayefunga injini nzima haifungui.

Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Serikali imewahi kujaribu kwenye magari yake yenyewe mfumo huu wa matengenezo yote kupitia mlango mmoja ulioidhinishwa. Mlango huo ni TEMESA, wakala ulioanzishwa mwaka 2005, na malalamiko ya gharama kubwa na ucheleweshaji yamesikika bungeni zaidi ya mara moja. Taasisi zenye bajeti, madereva wa kuajiriwa na mafuta ya umma zililalamika. Sasa dawa iliyowashinda wao anyweshwe mkulima wa Busi?

Serikali hiyohiyo inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa vipuri vilivyotumika vinavyoingizwa nchini. Injini ile ilipopita bandarini ilikuwa halali, ikalipiwa, ikapokewa kwa tabasamu. Imefika kijijini imekuwa ushahidi wa kosa. Na tangu Januari 2024 shule zetu za sekondari zina mkondo wa amali, tunaambiwa kila siku kwamba mikono ina heshima kama kalamu. Mikono ya nani, kama si ya huyu aliyejifunza kwa kumshikia fundi mkubwa tochi tangu akiwa na miaka 15?

Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, waliokuwa wakifua vyuma juani, akaagiza wajengewe mabanda. Kwetu, VETA tayari ina utaratibu wa kuwapima watu waliopata ujuzi nje ya darasa na kuwapa vyeti. Mpimaji apande pikipiki aende Busi, amtazame fundi akishusha injini, ampe cheti au amnyime.

Kuhusu wizi, jibu limegongwa kwenye chuma. Kila injini ina namba, na namba hiyo iko kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, kadi nayo inapaswa kubadilishwa TRA, baada ya ukaguzi na kwa karatasi zinazoonyesha injini ilikotoka. Wengi hawafanyi hivyo kwa sababu safari na usumbufu ni gharama nyingine juu ya gharama. Trafiki na TRA watenge siku wafike kwenye kata, wasome namba, wadai risiti, warekebishe kadi palepale. Asiye na risiti aeleze alikoitoa injini hiyo, hata kama aliifungia kwenye karakana yenye zege linalong'aa.