Levire inayokula mafuta: kazi yake iko wapi, na mipaka yake

Mwezi wa 7 mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli, kukiwemo upande wa Ziwa Albert. Mwezi wa 10 mwaka 2024 mnada ukafutwa. Lakini ng'ambo ya ziwa, Uganda haikusimama: TotalEnergies iko Tilenga, CNOOC iko Kingfisher, pembeni kabisa ya maji. Ziwa ni moja, samaki ni wale wale. Ndiyo maana swali la mafuta kumwagika linatuhusu hata kama kwetu hakuna kisima.

Wanaosoma mambo ya sayansi watakutana na jina hili: Yarrowia lipolytica. Ni levire, ndugu wa mbali wa ile ya mkate na kasiksi. Tofauti ni kwamba hii haitengenezi pombe, na bila hewa haiishi. Inapatikana kwenye fromaji, nyama, na udongo wenye mafuta. Chakula chake ni mafuta yenyewe: ya mimea, ya nyama, hata sehemu ya petroli. Inatoa kitu kama sabuni kinachovunja mafuta kuwa matone madogo, halafu inayameza.

Kampuni zilianza kuitafutia faida zamani. Katika miaka ya 1960 na 1970, BP ilikuza levire za namna hii juu ya mabaki ya petroli ili kupata chakula cha mifugo chenye protini. Kiwanda kikubwa kilijengwa Sarroch, kisiwani Sardinia, cha kutoa tani 100.000 kwa mwaka. Italia ikakataa ruhusa kwa kuogopa afya ya walaji, bei ya petroli nayo ikapanda, kiwanda kikafungwa. Levire haikufa na kiwanda. Huko Marekani DuPont iliibadilisha ili itoe omega-3, ile tunayoitafuta kwenye samaki, na ikatumika kulisha samaki wa kufugwa. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukaikubali, ikiwa imeuawa kwa moto, katika viongeza vya chakula cha watu.

Kwetu, mimi naona kazi yake ya kwanza si petroli. Ni mawese. Kila anayekamua ngazi anajua yale maji meusi yanayobaki: yana mafuta, yananuka, na mara nyingi yanaachwa yateremke mtoni. Yakifika huko, vijidudu vinavyoyaoza vinamaliza hewa ya maji, samaki wanakufa. Watafiti wa India walijaribu levire hii, iliyochukuliwa katika bahari yenye mafuta karibu na Mumbai, ndani ya maji ya aina hiyo. Matokeo waliyotoa mwaka 2002: katika siku 2 sehemu kubwa sana ya uchafu ilikuwa imeondoka. Tena levire iliyokua iko na protini, kwa hiyo mfugaji wa nguruwe au kuku anaweza kuitazama kwa jicho lingine. Ila ilikuwa maabara, na chombo chenye kuingiza hewa. Ukiimwaga tu ndani ya shimo lenye maji yaliyosimama, itakufa juu ya kukosa hewa.

Turudi ziwani. Inakula vipande vyepesi vya petroli; vile vizito, vinavyofanana na lami, inaviacha. Inahitaji azoti na fosfori, ambavyo mafuta hayana, na ukiviongeza ziwani unaweza kuotesha majani ya maji. Inafanya kazi kwa siku na majuma, lakini upepo wa ziwa unasukuma mafuta hadi pwani kwa masaa. Basi mtu akija na bidoni za vijidudu na kusema hizo ndizo ulinzi, wavuvi wa Tchomia na Kasenyi wamuulize kwanza: vizuizi vya kuzuia mafuta juu ya maji vimewekwa wapi, mashua ngapi ziko tayari upande wa Kongo, na nani atalipa nyavu zilizochafuka.