Safari hii kanga itoke kwenye mkoba

Safari ya shule kwenda Valleyfair, kule Shakopee, imekaribia, na kila Jumamosi baada ya darasa kuna mzazi anayenivuta pembeni kuniuliza swali lile lile: "Mwalimu, tuje na kigari cha mtoto au tumbebe?" Wananiuliza mimi kwa sababu ni nesi, wakidhani ni swali la afya tu. La afya nitalijibu hapo chini. Kwanza niseme ninavyoamini. Kigari kibaki kwenye buti la gari, mtoto abebwe. Na mwenye kujua kufunga mbeleko ya kanga au kitenge afunge, mbele za watu, kama ambavyo angefunga Tanga, Mombasa au Bukavu.

Nasema "mbele za watu" kwa sababu ndipo tatizo lilipo. Safari iliyopita tulikuwa Mall of America, mle ndani kwenye Nickelodeon Universe. Mama mmoja wa shule yetu alikuwa na mtoto wa miezi minane aliyechoka na makelele, analia kwenye kigari hataki hata ziwa. Mama akatoa kanga kwenye mkoba, akaikunjua. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, akatazama huku na huku, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, asifanye hivyo hapa. Mama akaikunja tena. Mtoto alilia mpaka kwenye maegesho.

Binti simlaumu. Umri ule kila mtu anayepita anaonekana kama anakutazama wewe. Lakini sisi walimu tunamfundisha binti huyo huyo ngeli na methali kila wikiendi, tunamwambia lugha ya nyumbani ni mali. Akiona mama yake anakubali kuficha kanga, ataamini maneno yetu ya darasani au alichokiona kwa macho?

Sasa nyinyi wanafunzi, sikilizeni. Mmewaona Wamarekani wamebeba watoto kifuani kwa ile mikoba yenye mikanda na vifungo? Mmoja wa watu walioufanya mtindo huo uenee hapa Marekani ni nesi kama mimi, anaitwa Ann Moore. Miaka ya 1960 alikwenda Togo, Afrika Magharibi, kujitolea na Peace Corps, akawaona akina mama wa kule wanavyobeba watoto kwa kitambaa na watoto wametulia. Aliporudi Colorado na kujifungua, akataka kumbeba wake hivyo hivyo, ila kitambaa kikawa kinamteleza. Yeye na mama yake, Lucy Aukerman, wakashona mfuko wa kubebea, na mwaka 1969 akapata hataza yake. Ukauzwa kwa jina la Snugli. Kwa hiyo rafiki yako akiuliza mama yako amevaa nini mgongoni, una la kumjibu.

Wala hatuko peke yetu hapa mjini. Nenda sokoni Hmongtown, St. Paul, uone mbeleko za Wahmong zilivyotariziwa. Bibi zao wamebeba kwa vitambaa hivyo tangu milima ya Laos, na wajukuu wanavitundika ukutani kwa fahari. Sisi pia tuna fahari yetu, tumeisahau tu. Kwenye ndoa za pwani kuna zawadi inayoitwa ubeleko, ambayo upande wa bwana harusi humpa mama wa bibi harusi kwa sababu alimbeba binti yake. Jina la kitambaa limekuwa jina la shukrani.

Halafu kuna jambo la lugha, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mwaka 2008 mtafiti Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, alichunguza wazazi wanaosukuma watoto kwenye vigari. Aligundua kwamba mtoto anayetazamana na mzazi huzungumzishwa zaidi sana kuliko yule anayetazama mbele. Vigari vyetu vingi vinatazama mbele. Pale Valleyfair mtoto kwenye kigari anaona magoti ya watu na mapipa ya taka. Mgongoni au kifuani sikio lake liko karibu na mdomo wako. Foleni zenyewe ni ndefu, na saa nzima ya foleni ni saa nzima ya Kiswahili ukitaka iwe hivyo: tazama lile treni linapanda, sasa linashuka, wanapiga kelele wale, hawaogopi? Na kaka na dada waliosimama nyuma ya mama wana kazi yao. Kanga ina jina, yaani yale maandishi ya chini. Wasome kwa sauti, kisha wamweleze mama maana yake.

Haya, sasa ninaongea kama nesi. Wahenga walisema mbebwa hujikaza, lakini mtoto wa miezi miwili hawezi kujikaza. Ambaye shingo haijakaza asiwekwe mgongoni. Abebwe kifuani, uso wake uuone, kidevu chake kisilalie kifua, na kitambaa kisimfunike pua. Awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini. Wa mgongoni miguu iachane, ikukumbate kiunoni kama chura, magoti yawe juu kuliko makalio. Mkao huo ni mzuri kwa nyonga. Hospitali moja ya mifupa Blantyre, Malawi, ilipopitia kumbukumbu zake za miaka 10, kati ya watoto zaidi ya 40,000 haikumpata hata mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa ile nyonga isiyokaa sawa tangu utotoni. Madaktari wale wanadhani kubebwa mgongoni kuna mchango wake.

Jua la Julai lisiwadanganye kwa sababu ni la Minnesota. Miili miwili iliyofungwa pamoja inapashana joto. Mvalishe nguo moja nyepesi na kofia pana. Kila baada ya nusu saa ingia kivulini, umfungue, umguse nyuma ya shingo. Ikiwa pana moto na jasho, mwache apumue kabla hujamfunga tena. Wa chini ya miezi sita usimpe maji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Na tafadhali, chai ya moto au chipsi zinazotoka kwenye mafuta usizishike huku mtoto yuko kifuani. Ukiwa na kiu, mpe mwenzako mtoto kwanza.

Kwenye mabembea na rola kosta mbeleko haipandi, iwe ya kanga au ya dukani. Soma kibao pale mlangoni, na mhudumu akikuzuia usibishane naye. Tutapangana zamu, mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki chini na wachanga. Mimi nimeshajiandikisha kubaki chini. Ile Wild Thing ina urefu wa futi 207, na sina deni nayo.

Kuna watakaosema mgongo unauma, au kwamba wamejifungua kwa upasuaji juzi tu. Hao wasijitese, kigari kipo. Na ambaye hakuwahi kujifunza kufunga kanga, mbeleko ya vifungo ni nzuri tu, sina ugomvi nayo, na kwa mwendo wa siku nzima inagawa uzito vizuri mabegani. Ninachokataa ni kigari kilichochaguliwa kwa aibu.

Akina baba nao nisiwasahau. Kwetu mwanamume kubeba mtoto mgongoni ni kichekesho, najua. Lakini pitia Bde Maka Ska jioni yoyote ya kiangazi uhesabu wanaume waliobeba watoto kifuani wanazunguka ziwa. Hakuna anayewacheka. Baba anayembeba mwanawe saa mbili Valleyfair atakuwa amemsemesha Kiswahili kuliko wiki nzima ya kutoka kazini usiku.

Jumamosi ya kabla ya safari nitabaki darasani saa moja baada ya masomo. Nitakuja na doti nne za kanga na vitenge viwili. Leteni mwanasesere wa kujifunzia, ama mfuko wa mchele wa kilo tano. Watoto wanakaribishwa, wavulana pia, na yule binti wa miaka kumi na miwili nimemwomba anisaidie kushika ncha za kanga. Hajanijibu bado.