Tuwape Wazee Maiki

Ulaya mgeni anavaa hedifoni, anazunguka mji peke yake, sauti inamsimulia kila jengo. Na sisi Shinyanga tuanze, simu si tunazo? Ila sauti isiwe ya mtangazaji! Mwadui, Mkanada John Williamson alikogundua almasi 1940, inasifika kwa ile ya pinki aliyopewa Elizabeth wa Uingereza 1947. Je, wachimbaji? Waliofanya kazi pale miaka ya 60 bado tunao mitaani, wana Kisukuma kitamu hicho, lakini jamani wanazidi kupungua. Mgodini huingii hivi hivi, sawa, mgeni asikilizie Maganzo, karibu tu na hapo. Likizo hii naanza na babu yangu. Nani mwingine?