Kipa wa Pande Mbili

Kwenye kiwanja cha vumbi mjini Busia, karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, vijana wiki hii walicheza magoli ya kandambili, na aliyesukumwa golini ni mdogo kuliko wote, wala hakuulizwa. Ndiyo desturi: kipa ni mlango, hukumbukwa siku mwizi alipoingia. Mwandishi wa safu hii, ambaye mpira ukimjia hufumba macho, hana ubavu wa kuwacheka. Ila mtaje kipa Mganda Denis Masinde Onyango, majina ambayo ukiyaita sokoni hapo watageuka Waganda na Wakenya, uone wanavyochangamka. Alitoka SC Villa, akapitia Saint George ya Ethiopia, akatua Afrika Kusini, na mwaka 2011 akajiunga na Mamelodi Sundowns. Mwaka 2016 walitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akawa kipa wa kwanza kupata tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza barani. Desemba hiyo, katika Kombe la Dunia la Klabu, Sundowns walifungwa 2-0 na Kashima Antlers huko Osaka. Golini kwa Wajapani alisimama Hitoshi Sogahata, mzaliwa wa Kashima aliyedumu katika klabu hiyo tangu 1998 hadi 2020. Hapo ndipo penye aibu ya soka letu: Sogahata alikuwa shujaa bila kuhama kwao, Onyango ilibidi avuke nchi kadhaa ndipo mikono yake ipate thamani. Hata hivyo aliirudisha Uganda AFCON mwaka 2017, baada ya miaka 39.